Kigimbi cha Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Msuli umechanika. Si kwamba umevutika, wala si uchovu. Umechanika. Daktari wa viungo kaniambia huku anatabasamu, utadhani ananipa habari za harusi. Kigimbi cha mguu wa kushoto, upande wa ndani. Wiki sita bila kukimbia. Nikamwambia mashindano ni tarehe 23 mwezi huu huu. Akasema basi nitayaona vizuri, nikiwa nimekaa. Binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Ananiita "baba" halafu ananikata miguu.

Niandike ilivyokuwa, maana mtaani nimeshasikia wanavyosimulia. Sikuanguka. Jana asubuhi tulikuwa mazoezini, kwenye mlima wa nyuma ya kiwanda. Kinyozi alikuwa mbele yangu kwa hatua moja. Moja! Nikaongeza. Naye akaongeza, huku anapiga mluzi. Nikaongeza tena, kitu kikalia nyuma ya mguu kama uzi mnene unapokatika, nikakaa chini. Kukaa si kuanguka.

Kinyozi ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, tumbo moja. Duka lake linatazamana na duka langu la ushonaji. Siwezi kuinua macho kwenye cherehani bila kumwona. Na ndiye anayeitamani nafasi yangu. Miaka tisa mimi ni mkimbiaji wa mwisho wa timu ya Mafundi, katika mbio za kupokezana vijiti dhidi ya timu ya Soko. Watatu wanakimbia, wa nne anamaliza. Wa nne ni mimi. Watu humkumbuka anayemaliza tu. Sijawahi kuwa wa kwanza kwa jambo lingine lolote: si darasani, si kazini, wala kwetu, maana nilizaliwa wa sita. Kinyozi amekaa akiba miaka mitatu, ananila kwa macho.

Azimio: kutunza nguvu kimyakimya, kurudi kabla ya tarehe 23, kumfunga mdomo.

Jumanne, 5 Machi

Kocha amepita dukani. Ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na huongea na kila mtu kama aliyekosa jibu. Kanipa pole, na hapo hapo, bila hata kumeza mate, kasema Kinyozi atakimbia wa mwisho. Nikasema nitapona. Akasema sita toa tatu, zinabaki tatu. Nikasema mwili si hesabu. Akautazama mguu, akanitazama usoni, akasema anataka bukta na fulana mpya za timu pamoja na akiba wote, kumi na mbili kumi na mbili, na kwamba huo ndio mchango wangu mwaka huu.

Mchango! Mwaka jana walinibeba mabegani. Mwaka huu nawapima viuno.

Jioni kaja Kinyozi mwenyewe na mfuko wa machungwa. Kasema nipumzike tu, nisiwaze chochote. Huruma ilimtoka, meno yote nje. Alipoondoka mke wangu akasema mdogo wake ana roho nzuri. Machungwa yalikuwa matamu. Niliyala kwa hasira.

Alhamisi, 7 Machi

Kliniki. Nimepewa mpira wa kuvuta kwa unyayo, mara kumi na tano asubuhi, kumi na tano jioni. Mipira yao ina rangi. Mweusi ndio mgumu kuliko yote, kisha bluu, kijani, nyekundu. Wangu wa njano. Nikauliza njano ni ya watu gani. Daktari kasema ya wanaoanza. Nikamjulisha kwamba mimi nimeanza kukimbia yeye hajazaliwa.

"Baba," kasema, "msuli haujui hayo."

Kitanda cha pili alikuwapo bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Mweusi! Anauvuta huku anasimulia habari za wajukuu zake, hata hahemi. Akautazama mpira wangu, akanitia moyo, akasema hata yeye alianzia hapo. Sijawahi kudhalilishwa hivi na mtu mwenye mkongojo.

Nimerudi dukani moja kwa moja. Nikachukua lastiki pana ya kiunoni, nikaikunja mara nne, nikaishona pembeni. Huo sasa ni mpira. Kliniki hawana rangi yake. Nikavuta mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikaponyoka unyayoni, ikapita juu ya meza ya kukatia, ikampata mteja aliyekuwa anajaribu suti mbele ya kioo. Kisogoni. Mke wangu ndiye aliyeomba radhi. Mimi nilikuwa chini ya meza natafuta lastiki.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata!

Daktari alisema mguu nisiutwishe uzito, ila kuuchezesha ni ruhusa. Cherehani yangu kubwa ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu kabla sijaifungia mota. Kanyagio bado lipo pale chini, limejaa vumbi. Leo nimefungua mota, nimerudisha mkanda kwenye gurudumu, nimetia mafuta. Bukta zote kumi na mbili nitazishona kwa miguu. Nimepiga hesabu: bukta moja ni kama kukanyaga mara elfu. Wenzangu wanakimbia saa moja asubuhi kisha wanarudi makazini kusinzia. Mimi nitakimbia kutwa nzima, nimekaa, kwa ruhusa ya daktari. Tuseme nusu ruhusa.

Mke wangu akauliza kama mota imeharibika. Nikasema nabana umeme. Miaka ishirini na mbili tumekaa meza moja, yeye vifungo, mimi mashine. Akarudi kwenye vifungo vyake.

Kufikia adhuhuri shati lilikuwa limelowa mgongo mzima. Mteja akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia hii ni bidii ya kazi. Akachukua gauni lake halijaisha, akasema atarudi nikipona.

Jumanne, 12 Machi

Nimejipima. Futi ya fundi haina upendeleo. Kigimbi cha kulia: sentimita thelathini na nane na nusu. Cha kushoto: thelathini na tano na robo.

Sababu naijua. Wa kushoto ukianza kuuma nauweka pembeni, wa kulia unakanyaga peke yake. Basi wa kulia unanenepa, wa kushoto unasinyaa. Nikivaa suruali, upande mmoja umejaa, mwingine unapepea. Nimeipunguza suruali upande wa kushoto ili pande zilingane machoni mwa watu. Sasa mguu wa kushoto hauingii ukiwa na bandeji.

Bukta nazo. Nne nimezishona nikiwa katika mwendo wa mashindano. Mbili zina mguu mmoja mrefu. Moja mfuko uko nyuma ya goti. Ya nne niliunganisha matundu yote mawili ya miguu, ikawa mfuko wa unga. Mke wangu amezifumua zote nne bila kusema neno. Afadhali angesema.

Na Kinyozi leo kakosa wateja, katoka mlangoni kwake, anaruka kamba. Barabara nzima inaona! Anaruka kwa mguu mmoja, kisha wa pili, kisha anapishanisha. Akanipungia mkono. Nikakanyaga mpaka sindano ikavunjika.

Alhamisi, 14 Machi

Ya leo asiisome mtu.

Bukta ya Kinyozi. Daftari la vipimo linasema kiuno themanini, paja hamsini na sita. Nimekata kiuno sabini na sita, paja hamsini. Sijaiba. Sijamtukana mtu. Ni mkasi tu umepita ndani kidogo. Jumapili kuna mazoezi ya timu nzima, wote watavaa mpya. Kwa paja hamsini hatainua goti. Kocha atamwona anadonoa hatua kama kuku kwenye matope, ataniita pembeni, ataniuliza mguu unaendeleaje.

Naona wivu. Nimeandika ili litoke kifuani. Yeye ana miaka thelathini na moja, mimi arobaini na nane, na mlima ule anaupanda anapiga mluzi. Nikistaafu nafasi ile, mimi ni nani? Mtu wa kupunguza suruali.

Nimeandika, na halikutoka.

Jumapili, 17 Machi

Nilikwenda mazoezini kutazama. Kinyozi kavaa bukta. Imembana kila mahali. Nikajikalia juu ya tofali nikisubiri furaha yangu.

Akakimbia. Kitambaa kikavutika naye! Mimi mwenyewe ndiye niliyekichagua kwa sababu kinavutika. Kumbukumbu hiyo ilinijia akiwa ameshamaliza mzunguko mzima wa uwanja, tena kwa kasi kuliko wiki iliyopita. Kasema haipepei, haimchubui mapaja, anajiona mwepesi. Kamwita fundi rangi, mkimbiaji wetu wa kwanza, aje aone. Kamwita seremala, wa pili. Wakaigusa, wakasifu. Kocha akaniita pembeni, kama nilivyopanga. Akasema kazi nzuri mno, na bukta zote zilizobaki zibanwe vivyo hivyo kabla ya Alhamisi.

Kumi na moja. Nifumue, nikate, nishone upya.

Fundi viatu peke yake kasema yeye anataka yake ibaki pana. Huyu ndiye mkimbiaji wetu wa tatu. Miaka tisa amenipa kijiti mkononi, hajakiangusha hata mara moja. Mtu mpole, macho yameanza kumpungua kwa kuinamia nyayo za watu. Akanishika bega, akasema hajui mwaka huu atampa nani kijiti, mkono wa kijana haujui. Neno jema la kwanza kulisikia tangu niumie. Nilitaka kulia. Badala yake nikamwambia bukta yake haitaguswa.

Kumi na moja toa moja. Sasa nahesabu kama Kocha.

Jumatano, 20 Machi

Bukta kumi zimekwisha. Mguu nao umekwisha. Jana jioni kigimbi cha kushoto kilivimba na kung'aa, mke wangu akafunga duka akanipeleka kliniki kwa lazima. Daktari akabonyeza hapa na pale, akauliza nimekuwa nikifanya nini. Nikasema mimi ni fundi wa nguo, kazi yangu ni ya kukaa.

"Anakimbia akiwa amekaa, daktari," mke wangu akasema. "Tangu Jumamosi ya wiki juzi. Anafikiri sijui."

Kumbe alijua! Na mota alijua, na lastiki, na suruali. Daktari akaongeza wiki mbili juu ya sita. Tulipokuwa tunatoka, yule bibi wa mpira mweusi alikuwa anaruhusiwa. Alitembea mpaka mlangoni bila mkongojo, wauguzi wakampigia makofi. Akaniambia nisikate tamaa. Mimi bado njano.

Tukakaribia nyumbani. Mke wangu akasimama.

"Ukiwa mzima unakimbia. Ukiwa mgonjwa unakimbia. Mimi unanitazama saa ngapi?" Nikautazama mguu. Akasema, "Na yule ni mdogo wangu. Nimembeba mgongoni. Hajawahi kushinda kitu, na hajakuomba kitu. Mwachie hiyo Jumamosi moja."

Nikasema nimemwachia. Akaniambia niape. Nikaapa. Nilimaanisha kabisa, mpaka tulipofika mlangoni.

Ijumaa, 22 Machi

Kocha amenipangia kazi ya kesho. Nitakaa pale wanapopokezana vijiti, nitunze nguo za wakimbiaji na ndoo ya maji. Mlinzi wa suruali za watu! Nimekubali kwa adabu. Mke wangu aliposikia akaniwekea chai bila kuombwa, mara ya kwanza tangu Jumanne.

Kitambaa cha fulana kilibaki kipande. Nimejishonea na mimi moja, namba nne. Kinyozi naye ana namba nne, najua, nimeishona mwenyewe. Yangu ni ya kumbukumbu. Nitaivaa ndani ya shati, hakuna atakayeiona.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika nimelala chali, miguu yote miwili juu ya mito.

Niseme kwanza kwamba kulikuwa na jua kali. Nilivua shati kwa sababu ya joto. Mtu yeyote angevua.

Fundi rangi alianza vizuri. Seremala akapoteza kidogo. Fundi viatu akapokea tukiwa nyuma, na sijui alipata wapi zile pumzi, mzee yule akampita mtu wa Soko kwenye kona ya mwisho. Hatua tano mbele! Kinyozi amesimama mstarini, mkono nyuma, bukta inang'aa. Mimi pembeni yake kidogo na ndoo. Pengine si pembeni sana. Fundi viatu anakuja kichwa chini, jasho limemjaa machoni, na kijiti kikanijia mimi. Mkononi mwangu, palepale kinapotua kila mwaka.

Ningefanyaje? Nikitupe?

Nikakimbia. Hatua arobaini, nilizihesabu. Wa kwanza! Hapakuwa na maumivu, hapakuwa na kigimbi, hapakuwa na miaka arobaini na minane. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele, nikadhani wananishangilia. Kwenye kona kitu kikalia tena. Safari hii mguu wa kulia. Ule mnene! Ule mzima! Nikakaa chini.

Kinyozi alifika mbio, akakichomoa kijiti mkononi mwangu, akaendelea. Mtu wa Soko alikuwa ameshapita. Akamfuata. Nilimwona toka pale chini, na sitaki kuandika alivyokimbia. Akampita kwenye mita za mwisho, akakata utepe. Wakambeba juu juu. Dada yake, mke wangu, alikuwa anaruka na kanga mkononi, analia, nami sikumbuki kumwona akilia kwa furaha ya kwangu.

Kisha mwamuzi akaukatisha uwanja, taratibu, na karatasi yake. Mafundi wamekimbiza watu watano. Ushindi umefutwa. Ikabidi wamteremshe. Hakuna aliyejua wamteremshe vipi. Walimweka chini polepole, kama meza.

Jumapili, 24 Machi

Hakuna aliyekuja. Mke wangu kapika, kaniwekea, kaenda kwa mdogo wake. Hajaniuliza kitu tangu jana.

Habari ninazozisikia dirishani ni kwamba lawama zimemwangukia fundi viatu. Wanasema macho yamekwisha, kampa kijiti mtu wa ndoo. Kocha kamsema mbele ya watu, kwa sauti ile ya darasani. Mimi sijasema lolote. Sijaulizwa.

Jumanne, 26 Machi

Fundi viatu amekuja leo. Alisimama mlangoni kitambo kabla ya kubisha. Nilikiona kivuli chake. Kaleta raba zangu za kukimbilia, kazitia soli mpya bila kuombwa. Akakaa kwenye ukingo wa kiti. Akasema hajalala siku tatu.

"Nilisikia sauti yako," akasema. "Ile ya kila mwaka, 'lete.' Nikafuata sauti. Nimewaambia, wanasema masikio nayo yamezeeka." Akanitazama, au akatazama nilipo. "Ndugu yangu, uliita?"

Mke wangu alikuwa kwenye mlango wa jikoni, kikombe mkononi, amesimama.

Nikasema hapana.

Mzee akainamisha kichwa. Akasema basi ni kweli, akili imeanza kumruka. Akaniomba radhi kwa mguu wangu wa kulia, kwa aibu niliyoipata, na kwa ushindi wa shemeji yangu. Machozi yakamdondoka kwenye soli zile mpya. Ilinichoma kifuani, sikatai. Nikamwambia nimemsamehe kabisa, asiwe na wasiwasi, mimi si mtu wa kinyongo. Akanishukuru mara tatu. Mke wangu akarudi jikoni na kile kikombe.

Niliita, ndiyo. Mara mbili. Ya pili kwa nguvu, maana baada ya ile ya kwanza alikuwa bado anaelekea kwa Kinyozi.

Daktari kasema wiki kumi, na safari hii kaitaja miguu yote miwili, na cherehani kaitaja. Mikono hakuitaja. Ile cherehani ndogo ya kuzungusha kwa mkono ipo juu ya kabati. Mke wangu akitoka nitaiteremsha. Kwa wiki kumi za kuzungusha nitakuwa na mabega ambayo Kinyozi hajawahi kuyaota.

Kuhusu mwakani, nitamwendea Kocha mapema, kwa upole, nimshauri fundi viatu apumzishwe. Namheshimu sana, lakini timu haiwezi kumtegemea mtu anayesikia sauti.